Wakili Naomi Jepkosgei: Mwaka Huu Tunakukumbuka Langoni mwa Mahakama

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipokaa ukingoni mwa kitanda ukitafuta kiatu cha pili, ukaanguka, na hukuamka tena. Daktari alisema ni mshipa wa damu uliopasuka ubongoni. Tunaandika hivyo waziwazi kwa sababu mjini watu walisema mengine: kwamba ulirogwa na wenye viwanda, kwamba ulitiliwa kitu kwenye chai. Wewe hukupenda jambo lolote lisemwe bila ushahidi, hata lile ambalo lingewachafulia jina watu uliokuwa ukipambana nao. Basi ijulikane: hawakukuua. Wala hawakukunyamazisha, na hiyo ndiyo sababu ya tangazo hili.

Kwanza tusahihishe. Kanisani Kapseret ilisomwa kwamba ibada ya kumbukumbu yako itafanyika nyumbani Alhamisi hii asubuhi. Mzee Kipkirui, mume wako, ndiye aliyempelekea mchungaji tangazo hilo, na hakumuuliza kwanza binti yenu Jelagat. Alhamisi asubuhi hatutakuwa nyumbani. Tutaeleza tutakuwa wapi na kwa nini, lakini hatuwezi kueleza bila kuanza na wewe.

Siku ya mazishi yako watu wengi walisimama wakasema hukuwahi kushindwa kesi. Walisema kwa upendo, lakini si kweli, na ungekuwepo ungeinua mkono uwakatize. Ulishindwa kesi nyingi. Ulishindwa kwa sababu mashahidi walitishwa, au kwa sababu mteja alikuja muda wa kushtaki ukiwa umeshapita. Nyingine, kama ulivyokiri mwenyewe mezani, ulishindwa kwa sababu upande wa pili ulikuwa na haki. Baada ya kushindwa ulikuwa ukirudi nyumbani, unavua viatu, unakunywa chai isiyo na sukari, kisha unasoma hukumu yote tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kumruhusu mtu yeyote kukupa pole.

Ofisi yako ilikuwa chumba kimoja, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Ibrahim. Ngazi zake zilipandwa na walinzi, wakamuaji wa maziwa, wapishi wa hoteli, vijana wa vituo vya mafuta, kina mama wanaofua na kulea katika nyumba za watu. Wengi walifika wakiwa wameshika karatasi ya kufutwa kazi, na wote walitaka kuanza kwa kukupa hiyo karatasi. Ulikuwa ukiipokea, unaiweka pembeni bila kuisoma, halafu unasema maneno ambayo sisi wa nyumbani tuliyajua kama salamu: "Sawa. Sasa simama unionyeshe kazi yako."

Mlinzi mmoja alicheka. Akakwambia, "Wakili, kazi yangu ni kusimama tu."

"Basi simama nikuone."

Akasimama. Ukaendelea na shughuli zako, ukimtazama mara mojamoja. Baada ya muda alianza kubadilisha mguu, akatafuta ukuta wa kuegemea, kisha akaanza kuangalia mlango. Ukamuuliza, "Pale getini kwenu, ukibanwa na haja ulikuwa unaenda wapi?" Yule mlinzi aliinamisha kichwa. Ndipo alipokwambia jambo ambalo hakulisema mahali pengine popote kwa sababu ya aibu: alifutwa kwa kuacha lindo, na aliacha lindo kwa sababu mwajiri hakuwa amewapa walinzi choo. Karatasi yake ilisema uzembe. Mwili wake ulieleza kilichotokea.

Hukufanya hivyo kwa ajili ya maonyesho. Ulisema mtu aliyeonewa hueleza uchungu wake, na uchungu hauwezi kuulizwa maswali mahakamani. Mikono na miguu inaweza.

Neno "wanyonge" ulilipiga marufuku ofisini. Kijana wa redio alipokuja kukuhoji akakuita mtetezi wa wanyonge, ulimsimamisha katikati ya kipindi. "Mfanyakazi si mnyonge," ulimwambia. "Ni upande mmoja wa mkataba. Upande wa pili ni mwajiri. Mimi nasoma mkataba, basi." Kijana akajaribu kucheka. Wewe hukucheka.

Kulikuwa na kibuyu pia. Kila mtu wa Eldoret anajua jinsi tunavyowapokea wanariadha wetu uwanja wa ndege wanapotoka kushinda ng'ambo: wananyweshwa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, mbele ya watu wote, kabla hawajafika hata nyumbani. Wewe ulichukua desturi hiyo ukaipeleka kwenye lango la mahakama. Mfanyakazi aliyetoa ushahidi dhidi ya mwajiri wake alikuta kibuyu kinamsubiri nje. Hukungoja hukumu. Kaka yako Amos, anayefuga ng'ombe Kapseret na ambaye maziwa yalikuwa yake, alikulalamikia: "Lakini hujashinda bado! Sisi huwapa walioshinda." Ulimjibu kwamba jaji atasema nani ameshinda kesi, lakini mtu aliyesimama akasema ukweli huku bosi wake akimkodolea macho ameshamaliza mbio zake. Wapo waliokunywa kwenye kibuyu hicho na baadaye wakashindwa kesi. Hakuna aliyerudi kusema alidanganywa.

Kesi ya mwisho uliyoiandaa ilikuwa ya Nanzala. Jina lake tunalitaja kwa ruhusa yake. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, kwenye chumba cha pasi, akiendesha pasi kubwa ya mvuke ile ya bamba zito linaloshuka kutoka juu. Siku moja asubuhi alikataa kuiendesha. Mchana alikuwa nje ya geti. Barua yake ilisema alikaidi amri ya msimamizi.

Ulimwambia asimame akuonyeshe. Akasimama katikati ya ofisi, akatandika kitambaa kisichokuwepo kwa mkono wa kulia, akabonyeza kitufe kisichokuwepo kwa mkono wa kushoto.

Ukamuuliza, "Kitufe ni kimoja?"

"Viko viwili, Mama. Kimoja huku, kingine huku. Bamba halishuki mpaka ubonyeze vyote pamoja."

"Mbona umebonyeza kimoja?"

"Hicho kingine supavaiza aliagiza kifungwe na kipande cha tyubu ya baiskeli. Kikae kimebonyezwa siku nzima. Alisema tukitumia mikono miwili tunachelewesha oda."

"Kwa hivyo bamba likishuka, mkono wako wa kulia uko wapi?"

"Uko chini yake, Mama. Bado unanyoosha nguo."

Ulitueleza jioni hiyo mezani, ukituonyesha kwa sahani na kijiko, na Mzee akaacha kula. Vitufe viliwekwa viwili ili mikono yote miwili iwe mbali chuma kinaposhuka. Kiwanda kilifunga kimoja kwa mpira. Nanzala aliona, akauliza, akaambiwa aiendeshe au afukuzwe, akakataa, akafukuzwa. Sheria ya ajira inataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake aliyemchagua akiwepo, na asikilizwe kabla ya kufutwa. Nanzala hakusikilizwa na mtu yeyote. Aliambiwa avue aproni.

Wakili wa kiwanda alikuandikia kwamba Nanzala hana jeraha lolote, sasa analalamikia nini? Jibu lako lilikuwa sentensi moja, na Jelagat ameibandika ukutani: "Je, mteja wangu alipaswa kuungua kwanza ndipo awe na haki ya kukataa kuungua?"

Ukafa kabla kesi haijasikilizwa.

Mazishini alikuja meneja mmoja wa kile kiwanda, na shada kubwa la maua. Alipanga foleni kama watu wengine. Alipomfikia Jelagat akamshika mkono, akashusha sauti: "Pole sana, dada. Mama amepumzika. Sasa na ile kesi nayo si ipumzike?"

Jelagat alilitazama lile shada, kisha akamrudishia mikononi. "Lipeleke," alimwambia, "ukaliweke chini ya ile pasi."

Waliosikia walidhani ni uchungu wa msiba. Haukuwa uchungu. Alikuwa ametuambia asubuhi kwamba mtu wa kiwanda akija atamjibu, na alikuwa amefikiria jibu.

Lakini kujibu ni kitu kimoja, na kusimama mahakamani ni kingine. Binti yako, unajua, alisomea sheria kama wewe, kisha akakimbia mahakama. Miaka yake yote ya uwakili ameandika mikataba ya mashamba huko Nakuru, kazi safi, kazi ya kukaa. Hakuwahi kumhoji shahidi hata mmoja. Alipofungua ofisi yako baada ya mazishi, nia yake ilikuwa kuyapanga majalada na kuyagawa kwa mawakili wengine. Alimwita Nanzala ampe la kwake. Akamwomba aeleze kesi kwa ufupi, akachukua kalamu.

Nanzala hakueleza. Alisogeza kiti nyuma. "Mama yako hangeniambia nieleze," alisema. "Angeniambia nisimame."

Akaonyesha tena, mkono huu na mkono huu. Jelagat aliweka kalamu chini. Akanyanyuka, akasimama pembeni ya Nanzala, akajaribu mwenyewe: wa kushoto kwenye kitufe, wa kulia kwenye nguo. Na alipofikiria bamba likishuka, mkono wake wa kulia ulijirudisha wenyewe kifuani. Alituambia kwamba hakuuamuru. Jalada lile hakuligawa, na Nakuru hakurudi. Ibrahim alipofuatwa na mtu aliyetaka kukikodi kile chumba cha ofisi, alimwambia kimejaa. Yule mtu akamwambia, "Lakini wakili wako si alifariki?" Ibrahim akamjibu, "Wakili yuko kazini. Panda juu uone."

Kesi iliahirishwa mara ya kwanza kwa sababu ya kifo chako. Iliahirishwa mara ya pili kwa ombi la kiwanda. Katikati ya hayo kiwanda kiliiuza ile pasi kama chuma chakavu, kikaandika katika majibu yake kwamba vitufe vyote vilifanya kazi na hakuna mpira wowote uliowahi kufungwa. Wenzake Nanzala wa chumba cha pasi bado wameajiriwa pale, na hakuna aliyekubali kuja. Hatuwalaumu, wewe hukuwahi kuwalaumu.

Aliyekubali ni Shitanda, aliyekuwa fundi wa mashine. Ndiye aliyeufunga ule mpira, kwa mkono wake, msimamizi akiwa amesimama nyuma yake. Alikuja ofisini bila kuitwa, akapanda ngazi, akakataa kukaa. "Niliambiwa nifunge, nikafunga," alisema. "Nitasema hivyo hivyo. Lakini wiki inayofuata kesi nasafiri Qatar, mkataba ni wa miaka. Mnisikilize siku hiyo au basi."

Siku hiyo ni Alhamisi. Tarehe ilipangwa na mahakama, si na sisi. Ni tarehe ile ile uliyotutoka.

Jelagat aliijua. Aliitazama kwenye kalenda, akapanga kutuambia atakapokuja nyumbani. Mzee hakujua kwamba kesi imepangwa siku hiyo. Akampelekea mchungaji tangazo, tangazo likasomwa, na miongoni mwa waliolisikia kanisani alikuwepo mke wa wakili wa kiwanda, ambaye kwao ni Kapseret. Jumatatu yake simu ya Jelagat ililia.

"Wakili Jelagat," yule bwana alianza, kwa upole. "Nimeambiwa Alhamisi mna kumbukumbu ya Mama. Mimi siwezi kukusumbua siku kama hiyo. Wewe omba tu kesi iahirishwe, upande wangu hautapinga. Hakuna jaji atakukatalia. Ni ubinadamu."

Jelagat alimshukuru, akasema atawasiliana naye. Alikaa kwenye kiti chako. Ametuambia kwamba kwa muda fulani alihisi nafuu kubwa, kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Asingelazimika kusimama. Hakuna ambaye angemlaumu. Wangemsifu kwa kumheshimu mama yake. Kisha akakumbuka Qatar. Sheria inaruhusu kuomba shahidi asikilizwe kwa video akiwa mbali, lakini ombi linaweza kukataliwa, na mwajiri mpya anaweza kumnyima nafasi. Bila Shitanda lingebaki neno la Nanzala dhidi ya neno la kiwanda, na pasi yenyewe ilishayeyushwa.

Kama wakili wa kiwanda alijua kuhusu safari ya Shitanda, hatujui. Hatuna ushahidi, kwa hivyo hatusemi.

Jioni Jelagat alikuja Kapseret akatukuta tumekaa tunapanga viti. Aliposema, Amos aliweka kikombe chini.

"Tenti nimeshaongea na wenyewe. Ndugu zetu wa kule Plateau wameshaambiwa. Sasa nimwambie mchungaji nini? Kwamba marehemu ameenda kortini?"

"Mwambie hivyo hivyo, Mjomba."

"Huyu msichana ana mdomo wa mama yake!"

"Mwache aongee," Mzee alisema.

"Si nimemwacha? Hajanyamaza tangu aingie." Amos akamgeukia Jelagat. "Sikiza. Kesi huahirishwa kila siku, hata mimi nimeziona. Siku ya mtu haiahirishwi. Ni moja."

"Siku ya Mama itarudi mwakani, Mjomba. Shitanda hatarudi."

"Na wewe uko tayari? Si umezoea kuandika mashamba?"

Jelagat hakusema yuko tayari. Alisema, "Nitasimama." Sauti yake ilitetemeka, na tunaandika hilo pia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulimtazama Mzee, kwa sababu tangazo la kanisani lilikuwa lake, na wa kulibatilisha ni yeye. Alikuwa akitazama jikoni. Mwishowe akauliza, "Hiyo kibuyu iko wapi?"

"Kibuyu gani?" Amos alisema.

"Ile ya korti."

Kilikuwa kinaning'inia pale pale ulipokiacha, nyuma ya mlango wa jikoni. Hakuna aliyekigusa mwaka mzima. Mzee alikishusha, akapuliza vumbi, akakinusa ndani, akasema kinahitaji kusuguliwa upya kwa mkaa. Mursik haiandaliwi asubuhi ya siku yenyewe. Maziwa yanataka siku za kulala. Anayeyatia kwenye kibuyu leo ameshaamua.

Amos alikitazama kile kibuyu kwa muda. "Maziwa ya dukani hayaingii humo," alisema. "Nitaleta ya ng'ombe yule mwekundu. Lakini ndani ya korti siingii. Nitasimama langoni. Mimi na korti hatujawahi kupatana."

"Hakuna aliyekuita ndani," Mzee akamwambia. "Kazi yako ni maziwa."

Asubuhi Jelagat alimpigia wakili wa kiwanda. Alimwambia familia inamshukuru kwa ubinadamu wake, na kwamba upande wa Nanzala hautaomba kuahirishwa. Yule bwana akauliza, "Una hakika Mama angetaka hivyo?" Jelagat akamjibu kwamba hilo ni swali la kwanza alilomuuliza ambalo jibu lake halihitaji shahidi.

Kwa hivyo tunawatangazia ndugu, jamaa, marafiki na wote waliopanda ngazi za ofisi yako: kumbukumbu ya Naomi Jepkosgei itaanza Alhamisi saa tatu asubuhi, mahakama ya kazi, hapa Eldoret. Anayependa kuingia ndani akae kimya na azime simu. Hakutakuwa na tenti wala hotuba, na mabango hayatakiwi. Ulisema bango halijawahi kuulizwa maswali. Anayefanya kazi katika kile kiwanda na anaogopa kuonekana asije, na hakuna atakayemhesabia. Mchungaji amekubali kuomba nasi jioni, nyumbani Kapseret, na chakula kitakuwepo. Wenye maua wasiyalete mahakamani. Wenye kiwanda wasiyalete popote.

Yatakayotokea ndani hatuyajui. Huenda tukashinda, huenda tukashindwa, na tukishindwa Jelagat ataisoma hukumu yote kabla ya kupokea pole. Tunachojua ni haya. Shitanda atasema alifunga nini na aliambiwa na nani. Jelagat atanyanyuka, mara yake ya kwanza, amevaa koti lako jeusi ambalo mikono yake ni mirefu kidogo kwake, na hatamwomba Nanzala aeleze. Atamwambia maneno yako: "Simama uionyeshe mahakama kazi yako." Na Nanzala atanyoosha mikono miwili mbele ya watu waliomfukuza, mmoja kwenye kitufe, mmoja chini ya chuma, ili kila aliye na macho aone mkono huo ulikuwa wapi.

Wakitoka, kibuyu kitakuwa langoni. Watakunywa kabla ya hukumu, jinsi ulivyotaka.

Wanaokukumbuka ni mume wako, Mzee Kipkirui. Binti yako, Wakili Jelagat. Kaka yako, Amos, atakayekuwa langoni. Ibrahim, ambaye ameomba ahesabiwe kuwa wa familia, nasi tumemhesabu. Na wote uliowaambia wasimame.

Maisha yetu yote tutakukumbuka, Mama. Alhamisi tutakukumbuka tukiwa tumesimama.